Maswali na majibu: Vinara wa mikimbio besiboli ilipokuwa changa

Msimu wa 1871 nani aliongoza kwa mikimbio? (Msomaji, Tanga)

Ross Barnes wa Boston Red Stockings, mikimbio 66, yaani alizunguka besi zote na kufika nyumbani mara 66.

Mikimbio 66 tu? Babe Ruth alipata 177 mwaka 1921. Huyo Barnes anasifiwa kwa lipi? (Msomaji, Nakuru)

Nimeshaomba mara nyingi: ukiniletea jumla, niletee na idadi ya mechi. Barnes alicheza mechi 31, Ruth 152. Gawanya mwenyewe.

Ila usikimbilie kumvika taji. Enzi zile wadakaji walidaka kwa mikono mitupu na mipira iliwaponyoka ovyo, mrushaji alirusha mkono ukiwa chini, na mpigaji aliruhusiwa kuagiza mpira wa juu au wa chini. Barnes alikuwa fundi wa kugonga mpira udunde ndani ya mstari, hatua chache tu kutoka miguuni pake, kisha uchepuke nje. Wapinzani wakiufukuzia, yeye yuko besi, kituo cha kukimbilia. Sheria iliuhesabu halali. Mwaka 1876, Ligi ya Taifa ilipoanza, aliongoza tena akiwa Chicago: 126 katika mechi 66. Mwaka uliofuata ujanja ule ukapigwa marufuku, na wapiga soga wanadai marufuku hiyo ndiyo iliyommaliza. Wanasahau kwamba mwaka huohuo aliugua, akakosa sehemu kubwa ya msimu.

Mkimbio anaandikiwa aliyepiga mpira, sivyo? (Msomaji, Kampala)

Sivyo. Hiyo ni kriketi. Huku anaandikiwa aliyekanyaga besi ya nyumbani.

Rekodi ya msimu mmoja ni ya nani? Kitabu kimoja kinasema 192, kingine 198. (Msomaji, Zanzibar)

Ni ya Billy Hamilton wa Philadelphia, 1894. Karatasi za mechi zimehesabiwa upya, na hesabu ya sasa ni 198. Msigombane: waliomfuata, Keeler na Kelley wa Baltimore, wana 165 kila mmoja.

Mngeniuliza kwa nini mwaka ule. Mwaka 1893 mrushaji alisogezwa nyuma hadi futi 60 na inchi 6, na wapigaji wakafanya sherehe. Hamilton alikuwa akifungua dimba, ana subira, anapewa besi ya bure, kisha anaiba inayofuata, yaani anaikimbilia bila kusubiri mpira upigwe. Nyuma yake wapo Delahanty na Thompson, wote wakipiga zaidi ya .400 msimu ule, yaani zaidi ya mapigo manne yaliyowafikisha besi katika kila majaribio kumi. Wa kumrudisha nyumbani hawakukosekana. Pamoja na hayo yote, Philadelphia ilimaliza ya nne. Kinara wa mikimbio si lazima awe bingwa. Na hizo besi zake za kuibwa msinilinganishie na za leo, maana kabla ya 1898 zilihesabiwa kwa kanuni nyingine.

Ligi ya 1871, aliyochezea Barnes, ilikuwa ligi kuu kweli? (Msomaji, Muscat)

Kamati ya kumbukumbu za besiboli ya 1969 ilikataa. Mimi naona wachezaji walilipwa, ratiba ilivurugika lakini mechi zilichezwa, na Athletics wa Philadelphia wakatwaa ubingwa. Kamati ilitaka nini zaidi?