Mleta uzi, usisaini hiyo oda ya vishikwambi

Usisaini kitu. Hayo mengine yatafuata.

Umeandika kwamba unafundisha darasa la tano, umetoka semina ya TEHAMA na moto wake, mwalimu mkuu amekubali kununua vishikwambi, na unataka mada yote ya sehemu, yaani 1/2, 1/3 na ndugu zake, uihamishie kwenye ile michezo ya maswali ya rangi: mtoto anagusa nyekundu, bluu, njano au kijani, muziki unapigwa, majina ya vinara yanapanda ukutani. Umeuliza programu gani ni bora, vishikwambi vya ukubwa gani, utunze vipi kumbukumbu za mafunzo yako kazini, na uwavute vipi walimu wenzako wasiotaka kusikia habari hizo. Nimesoma tumbo likanikoroga. Huo uzi ningeweza kuuandika mimi, neno kwa neno.

Mimi niliihamisha mada nzima. Sikujaribu kwanza kipindi kimoja kama mtu mwenye akili zake, nilibeba muhula. Usiku natengeneza slaidi, asubuhi nafunga projekta, na darasa langu likawa ndilo linalosikika shule nzima. Watoto wa madarasa mengine wanachungulia dirishani. Mwalimu mkuu akija na wageni anawaleta kwangu kwanza. Na ripoti! Programu ikimaliza mchezo inakutolea jedwali, na jedwali langu lilikuwa kijani kuanzia juu mpaka chini. Nikalichapisha nikalibandika ofisini. Ndiyo, nililibandika, chekeni mmalize tuendelee.

Ukaja mtihani wa karatasi. Swali jepesi: ipi ni kubwa, 1/3 au 1/4, na ueleze kwa nini. Daftari baada ya daftari nakutana na 1/4, "kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3". Swali la pili, 1/2 + 1/3, wakanipa 2/5 bila wasiwasi wowote, wamejumlisha vya juu, wamejumlisha vya chini, wamepiga mstari. Nikadhani nimechukua rundo la darasa lingine.

Nikamwita binti mmoja ambaye jina lake halikuwahi kushuka kwenye orodha ya vinara. Nikamwonyesha 1/3 na 1/4, nikamuuliza, mbona kwenye mchezo hili ulilipata? Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Mwalimu, ile ilikuwa nyekundu."

Mambo yalikuwa hivi. Mbele alikaa kijana anayesoma haraka. Akishaliona jibu ananong'ona rangi, rangi inasafiri madawati yote, vidole vinashuka. Asiyeisikia anabahatisha, na kwenye majibu manne anayebahatisha kipofu bado anapata moja kati ya manne. Juu ya hapo mchezo unatoa pointi nyingi kwa anayewahi. Sasa mfikirie mtoto anayefanya kile hasa ninachotaka afanye, anayechora ukanda akaugawa mara tatu, akachora mwingine wa urefu uleule akaugawa mara nne, kisha akalinganisha kipande na kipande. Huyo anashindwa na mbahatishaji kila raundi. Baada ya wiki chache akaacha kuchora, kwa nini achore? Mimi mwenyewe nilimfundisha kwamba kufikiri ni kuchelewa, na nilimfundisha kwa muziki mzuri.

Wala hasara haikuishia kwenye muhula ule. Ukitoka kwenye sehemu unaingia desimali, kisha asilimia, na zote zinasimama juu ya kuelewa kwamba asili, yaani namba ya chini, ikikua kipande kinapungua. Mwalimu aliyewapokea darasa lililofuata alinifuata, kwa heshima zote, akaniuliza mada ya sehemu niliifikia au muda haukutosha. Hilo swali sijalisahau. Kurekebisha mtoto anayeamini 1/4 ni kubwa kuliko 1/3 na ambaye mchezo ulishamwambia "hongera" ni kazi kubwa kuliko kumfundisha upya asiyejua kitu. Ana ushahidi wa kishindo kwamba yuko sawa.

Sasa tuje kwa yule mwezeshaji wangu wa semina ya TEHAMA, maana najua na wako anafanana naye.

Alisimama na kipaza sauti akatuambia, "Hawa watoto wamezaliwa ndani ya teknolojia, ninyi ndio wageni." Tukapiga makofi. Baadaye sana nikaja kujua kwamba maneno hayo yalienezwa na makala ya Mmarekani Marc Prensky ya mwaka 2001, yakiwa hoja ya mwandishi na si matokeo ya kuwapima watoto. Watafiti waliofuatilia hawakukipata hicho kizazi chenye ubongo wa aina yake. Mtoto anayejua kutelezesha kidole kwenye kioo hajui sehemu kwa sababu hiyo. Kisha akatuonyesha ile piramidi, mnaijua, kwamba tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma, 20 ya tunachosikia, hadi 90 ya tunachofanya. Namba za mviringo, zimejipanga kama askari wa gwaride, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza zilipimwaje. Edgar Dale, mtaalamu wa elimu Mmarekani ambaye jina lake hubandikwa pale chini, alichora mchoro wake wa koni mwaka 1946 bila asilimia hata moja. Watu wengine walizipachika baadaye. Mimi nilizinakili kwenye daftari kwa kalamu ya rangi!

Semina yote ile hatukufungua daftari la mtoto hata mmoja. Tulifundishwa vitufe: bonyeza hapa, pakia pale, tuma kiungo. Siku ya mwisho vyeti, picha ya pamoja, kwaherini. Na ukimuuliza mwezeshaji leo atakwambia semina yake ilifanikiwa, kwa sababu alitupa fomu ya kujaza kama tumefurahia. Tulifurahia sana.

Wala msidhani ni mimi tu niliyepigwa na kitu kizito. Peru waligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi kwa wingi, na watafiti wakafuatilia shule 319 za vijijini. Matokeo yalitoka mwaka 2012: kompyuta ziliongezeka kweli, watoto walizitumia kweli, alama za hisabati na lugha hazikusogea. Nchi nzima imebandika jedwali la kijani ofisini, kwa hiyo mimi nimejisamehe kidogo.

Nilichobaki nacho ni kitu kimoja: KOSA KWANZA, KIFAA BAADAYE. Kabla hujagusa chochote chenye chaji, chukua karatasi, andika swali moja, na pembeni ya kila jibu lisilo sahihi andika mtoto amefikiri nini hadi akafika hapo. Mfano 1/2 + 1/3. Jibu ni 5/6. Anayekupa 2/5 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, yaani haoni sehemu, anaona namba nne zilizokaa karibu. Anayekupa 2/6 kafika kwenye asili ya pamoja lakini kaacha vya juu kama vilivyokuwa, huyu yuko karibu sana na ukimwonyesha 3/6 na 2/6 kwenye ukanda ataona mwenyewe. Anayekupa 1/5 kajumlisha chini tu. Hao ni watoto watatu wanaohitaji vitu vitatu tofauti, na jedwali langu la kijani liliwaita wote "wamekosa", na pale walipobahatika likawaita "wamepata". Kama huwezi kuandika makosa hayo, hujawa tayari kununua kitu, umekuwa tayari kukaa na daftari za mwaka jana.

Ukishayaandika ndipo uulize, kitu gani kitanionyesha kosa la kila mtoto, peke yake, bila jirani yake kumsaidia? Mara nyingi jibu litakuudhi. Vibao vidogo vya kuandika na kufuta. Kila mtoto anaandika, anakigeuzia kifuani, unasema "inueni", unasoma darasa zima kwa jicho moja. Hakuna intaneti wala rangi ya kunong'ona. Nilipovirudia nilihisi nimerudi enzi za babu, lakini siku ya kwanza tu nikaziona zile 2/5 zote zimeinuliwa juu kwa fahari.

Ukitaka lazima kuwe na teknolojia, basi kuna kadi za Plickers. Ni karatasi yenye mchoro, mtoto anaigeuza ili herufi ya jibu lake iwe juu, wewe unapitisha simu janja yako moja mbele ya darasa inasoma zote. Kila kadi ina mchoro wake, hivyo kuchungulia ya jirani hakumsaidii mtu. Sina hisa kwao, msinitafute. Na projekta usiiogope, moja inatosha, inang'aa kwenye kazi inayoisumbua chaki: ukanda uleule, unaugawa 3, 4, 6, 12, mbele ya macho yao, unarudisha, unagawa tena, watoto wanaona kipande kinavyonywea. Usiijaze sentensi ukazisoma kwa sauti tu. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa elimu, amefanya majaribio mengi juu ya hilo, na maandishi yanayorudia yaleyale yanayosemwa, huku picha ipo, humwelemea anayejifunza badala ya kumsaidia. Mimi nilisoma slaidi zangu zote kwa sauti, herufi kwa herufi, kama risala kwa mgeni rasmi.

Kama mchezo umeshanunuliwa na huna namna, ongeza muda wa swali hadi mwisho wa uwezo wake, zima orodha ya vinara kama inazimika, na hakuna kidole kugusa kioo kabla jibu halijaandikwa kwenye daftari. Watalalamika. Waache.

Kuhusu wenzako, usiwashawishi. Mtafute mmoja tu, mpelekee daftari lenye kosa linalokusumbua, muandae somo pamoja, wewe fundisha yeye akae nyuma akiwatazama watoto, asikutazame wewe. Walimu wa Japani wamekuwa wakifanya hivyo kwa zaidi ya miaka mia. Na tangu miaka ya 1980 Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa mafunzo ya walimu, walishaonyesha kwamba mafunzo bila mtu wa kukusindikiza hadi darasani kwako mara nyingi hubaki ukumbini. Yule mwezeshaji wangu ukumbi aliufunga mwenyewe akaondoka na ufunguo.

Sasa fanya hivi. Leo jioni andika swali moja tu la sehemu, majibu yake manne, na pembeni ya yale matatu yasiyo sahihi uandike mtoto kawazaje. Libandike hapahapa chini tulichambue, nitakuwepo. Mwalimu mkuu mwambie bado unalinganisha, oda isubiri.