Nimeambiwa niache mahamri na dawa ili Mungu aseme neno jipya

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Kisumu Ndogo hapa Malindi. Mume wangu alikuwa akipeleka wageni matumbaweni kwa boti. Tangu upepo wa kusi uanze hana kazi, na kodi ya nyumba imelundikana. Mtumishi mmoja amenisomea Isaya 43:19 akasema Mungu ana neno jipya juu yangu, ila halitashuka mpaka nifunge siku 21, niache kuuza mahamri kwa kuwa huo ni "mlango wa zamani", na niweke kando vidonge vya presha. Nikikataa, nitakuwa nimemzimisha Roho?

JIBU: Asifiwe sana, dada yangu. Rudi kwenye vidonge vyako leo, na kama umeshaviacha, pitia zahanati upimwe. Mengine tutayasema ukiwa mzima.

Swali lako limeninyima usingizi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti yetu hii hii ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto pia. Walikuwa watu wa kanisa kama mimi na wewe, wakaaminishwa kwamba njaa itawafikisha kwa Yesu. Baada ya hayo, mchungaji wa Malindi anayesikia "funga, acha dawa" akanyamaza, atajibu mbele za Mungu.

Sasa hiyo Isaya. Neno lile linawahusu mateka wa Babeli, na mateka hao hao ndio Yeremia aliowaandikia barua, sura ya 29: jengeni nyumba, pandeni bustani, mle matunda yake. Mungu ameahidi jipya, na bado anawataka washike jembe! Aliyewaahidi njia ya mkato alikuwa Hanania, nabii wa uongo: miaka miwili tu, utekwa umekwisha. Yeremia alikuwa amesema miaka 70. Akamwambia Hanania usoni kwamba Bwana hakumtuma, na Hanania akafa mwaka ule ule.

Mtazame na Eliya, 1 Wafalme 19. Amemkimbia Yezebeli, amejilaza chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Mungu hakuanza na ufunuo. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha tena: "Inuka, ule." Ile sauti ndogo ya utulivu ya Mungu ilikuja baadaye, mlimani Horebu. Najua mtumishi atakwambia Eliya alikwenda siku 40 bila kula. Mwambie arudie mstari wa 8: alikwenda kwa nguvu za chakula kile.

Simaanishi Mungu hasemi mapya. Daudi alipigana na Wafilisti katika bonde la Warefai baada ya kumwuliza Bwana, akashinda. Waliporudi bonde lile lile angeweza kurudia mbinu ya jana. Akauliza tena, akaambiwa asipande, azunguke nyuma yao, awatokee mbele ya miti ya miforsadi. Mwongozo mpya kabisa, kwa mtu aliyekuwa kazini kwake. Kwa hiyo omba, uliza kila siku, ila uliza ukiwa karaini.

Na kuhusu kumzimisha Roho: Paulo aliyeandika hivyo, 1 Wathesalonike 5:19, mistari miwili mbele anasema jaribuni mambo yote. Kumpima mtumishi ni kutii.

Basi kesho alfajiri kanda unga wako. Wewe na mumeo nendeni pamoja kwa mwenye nyumba kabla hajawafuata, mwombe mlipe kidogo kidogo; kaskazi itarudi na boti zitatoka. Wazee wa kanisa lenu waambieni hali halisi bila haya, maana kanisa la Matendo 6 liligawa chakula, wala halikungoja mwenye njaa afunge kwanza. Ukitaka kufunga, muulize daktari wako.

Mtumishi huyo akija tena, mpokee mumeo akiwepo, na aje na mzee mmoja wa kanisa lake. Akikataa kusema mbele ya mashahidi, usimfungulie mlango.