Databesi ya chama imegoma kufunguka

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni katibu wa chama chetu cha kuweka na kukopa hapa Morogoro, kumbukumbu zote za marejesho zipo kwenye Access (programu ya Microsoft ya databesi), faili la .accdb, tangu 2017. Juzi nilikuwa naingiza marejesho moja kwa moja kwenye fleshi umeme ukakatika, na kompyuta yenyewe ya mezani haina betri, uliporudi kila nikilibofya faili linaniambia Unrecognized database format basi, halifunguki. Mwenyekiti anasema tumwite kijana aiformati fleshi. Mkutano Jumamosi, jamani nifanyeje?
Katibu mwenye presha, Morogoro

JIBU: Pole sana katibu, ila huyo kijana asiisogelee hiyo fleshi. Kuformati ni kufuta, sio kutengeneza. Na wewe acha kulibofyabofya. Likopi kwenye kompyuta, hiyo kopi ikopi tena, fleshi itie kwenye bahasha ikae kwenye kasha la chama, majaribio yote yafanyie kwenye kopi maana dawa nyingi za Access zinaandika juu ya faili lenyewe, ukiharibu umeharibu.

Swali dogo, kompyuta ni ileile? Maana Access ya zamani ikipewa faili la Access mpya nayo inaweza kutoa ujumbe huohuo wakati faili ni zima kabisa.

Kama ni ileile, angalia ukubwa. Likiwa 0 KB humo hamna kitu, kaa utafute kopi ya zamani, labda uliwahi kumtumia mweka hazina kwa barua pepe. Likiwa na uzito wake wa siku zote, fungua kopi kwa Notepad, utaona madudu matupu lakini mwanzoni kabisa lazima kuwe na maneno Standard ACE DB (mafaili ya zamani ya .mdb huandika Standard Jet DB), ukishaona funga, usisevu. Yakiwepo kichwa, yaani ule mwanzo wa faili, kimepona na mimi nina matumaini. Yasipokuwepo ujue mwanzo wa faili umefutika, na Access inaanzia kusoma hapohapo ndo maana inalikana. Lakini usikate tamaa, faili limegawanywa kurasa za baiti 4096, ukurasa mmoja kuharibika sio daftari zima.

Haya, fungua Access, anzisha databesi tupu kisha ifunge bila kutoka kwenye Access, nenda Database Tools, bofya Compact and Repair Database. Itakuuliza faili gani, mpe kopi, halafu itakuuliza matokeo yaitweje, hapo andika jina jipya usije ukaandika lilelile. Ikikubali usishangilie kwanza, tafuta jedwali linaitwa MSysCompactError, likiwepo ujue kuna vitu vilimshinda, na hata lisipokuwepo hesabu rekodi zako ulinganishe na risiti za karatasi, maana rekodi iliyoharibika inaweza kuachwa njiani.

Ikikataa, databesi mpya tupu, nenda External Data, vuta majedwali kutoka kwenye kopi, moja moja, ukianza na la wanachama na la marejesho. Fomu na ripoti baadaye, hizo hata zikipotea utatengeneza upya, hela za watu hutatengeneza. Hapa ndo watu wengi wanakwama: jedwali linakubali kufunguka lakini halivutiki lote, ukiangalia ndani kuna sehemu zimeandika #Error au herufi kama za Kichina. Mara nyingi mkorofi ni safu ya maelezo marefu, zamani ikiitwa Memo, kwa sababu maelezo marefu hukaa kwenye kurasa zake pembeni. Tengeneza kueri (ombi la kuchagua rekodi unazotaka tu) ivute rekodi namba 1 hadi 500, kisha 501 hadi 1000, ikikwama gawa nusu, gawa tena nusu, mpaka uipate rekodi mbovu yenyewe, halafu ivute bila ile safu ya maelezo. Inachosha kweli, ila jina na kiasi vinaweza kutoka salama.

Yote yakigoma, mwenye kompyuta ya Linux akusaidie na mdbtools, programu ya kusoma mafaili ya Access, amri yake ya mdb-export inatoa jedwali kama CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato) unafungulia Excel, japo nayo inahitaji kile kichwa kiwe kizima. Kimekufa? Zimebaki programu za kulipia, nyingi zina toleo la kujaribu linalokuonyesha kilichopatikana, usitoe hela kabla hujaona majina ya wanachama wako kwa macho. Na mkipona, faili likae kwenye kompyuta, fleshi iwe ya bakapu tu.

SWALI: Duka letu la dawa tuna kompyuta tatu, Access inasema faili linatumiwa na mtu mwingine na sisi wote tumefunga. Limekufa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Halijakufa. Pembeni ya faili kuna kafaili ka .laccdb (kwa .mdb ni .ldb), hako ndo kanaandika nani yumo ndani na kompyuta ikizimika ghafla kanabaki. Funga Access kote, pitia Task Manager kwenye zote tatu uone kama Access bado inaendelea kichinichini, kisha kafute. Kakikataa kufutika basi kuna mmoja bado kaifungua, anzeni na ile kompyuta ya kaunta.