Maduka, Migahawa na Usafi Katika Makazi ya Umma: Majibu kwa Wasomaji

Wasomaji wanaoishi katika nyumba za serikali wameuliza juu ya biashara zilizo chini ya ghorofa zao na juu ya usafi wa ngazi wanazopita kila siku. Ninajibu kwa kutegemea zaidi Hong Kong, ambako Mamlaka ya Nyumba imeendesha makazi ya aina hii tangu mwaka 1973, ikapatia mengi na kukosea machache mazito.

Tumeambiwa kwamba maduka yote ya makazi yetu yatauzwa kwa mwekezaji mmoja ili zipatikane fedha za kukarabati majengo. Je, tukubali?

Msikubali kabla ya kusoma masharti ya mauzo neno kwa neno. Mwezi Novemba 2005 Mamlaka ya Nyumba ya Hong Kong, iliyokuwa na upungufu wa fedha, ilikabidhi vituo 180 vya maduka na maegesho kwa mfuko wa uwekezaji uitwao Link, uliouzwa kwa umma katika soko la hisa. Mpangaji mmoja mzee alikwenda mahakamani na kuyachelewesha mauzo hayo kwa miezi kadhaa, lakini Mahakama ya Rufani ya Mwisho iliamua kwamba sheria iliitaka Mamlaka ihakikishe huduma zipo, na haikuilazimu kuzimiliki yenyewe. Wakazi wamelalamika kwa miaka mingi tangu hapo kwamba kodi za pango zilipanda, wauzaji wadogo wakaondoka, na nafasi zao zikachukuliwa na maduka ya kampuni kubwa. Mzigo huo humwangukia mzee asiyeweza kutembea mbali, kila anaponunua mchele.

Fedha zikihitajika, afadhali maduka yapangishwe kwa mikataba ya muda, ili mwenye nyumba abaki na sauti. Ikibidi yauzwe, sharti la kuwapo kwa soko la mboga na duka la dawa liandikwe katika hati yenyewe, kwa kuwa ahadi ya mdomo hudumu mradi tu aliyeitoa yumo ofisini.

Mgahawa ulio chini yetu unatoa moshi, na bomba la maji machafu huziba mara kwa mara. Nani awajibike?

Mwenye mgahawa kwanza, kisha mwenye jengo aliyempangisha bila kukagua jiko. Mafuta ya kupikia yakipoa huganda ndani ya bomba. Ndiyo maana kila jiko la biashara linahitaji chemba ya kunasia mafuta inayosafishwa kwa ratiba, pamoja na dohani inayopanda hadi juu ya paa. Wekeni kumbukumbu ya tarehe za kila tukio, kisha mdai gharama za kuzibua zitolewe katika amana ya mpangaji huyo. Nawasihi msianze kwa kudai mgahawa ufungwe, kwa sababu chakula cha bei nafuu karibu na nyumbani ni sehemu ya makazi. Shirika la nyumba la Singapore, tangu mwaka 2018, humtaka kila mpangaji mpya wa migahawa yake auze baadhi ya vyakula kwa bei ya chini.

Zabuni ya usafi hupewa mwenye bei ndogo kuliko wote, na wasafishaji hubadilika kila mara. Kuna njia nyingine?

Ipo. Bei ndogo kupita kiasi hutoka katika mshahara wa mfagiaji, naye huondoka mara apatapo kazi nyingine. Kuanzia Aprili 2019 serikali ya Hong Kong iliagiza kwamba katika zabuni za namna hii angalau nusu ya alama zitolewe kwa ubora, kiwango cha mshahara kikiwemo, na mfanyakazi anayestahili alipwe kiinua mgongo cha asilimia 6 ya mishahara yake mkataba unapomalizika. Ombeni kamati yenu ioneshwe mshahara ulioandikwa katika zabuni.

Je, wakazi wanaotupa taka ovyo wafukuzwe?

Hong Kong, baada ya ugonjwa wa SARS wa mwaka 2003, ilianzisha alama za makosa: familia inayofikisha 16 ndani ya miaka miwili inaweza kunyang'anywa nyumba. Naona adhabu hiyo ni kali mno pale ambapo pipa hufurika siku tatu bila kuzolewa. Hesabuni mapipa yenu kwanza.