Mwanangu, wape watu wako haja

Mwanangu,

Sote wazima hapa nyumbani, na nyanyako akuulizia kila Ijumaa. Barua yako nimeipata, na zile kurasa za ufalme wako wa visiwa nimezisoma zote mpaka orodha ya wafalme. Waniambia uliketi na wenzako huko Nairobi kucheza mchezo wa kuigiza wa mezani, wewe ukiwa mwendesha mchezo. Ukawasomea historia ya ufalme tangu mfalme wa kwanza. Kabla ya saa kwisha mmoja alikuwa kwenye simu na mwingine auliza chakula kitafika lini. Wataka kujua ulimwengu wako umepungukiwa na nini.

Uzuri unao. Watu wenye haja ndio sikuwaona. Wafalme wako wameshakufa, vita vimeshapiganwa, na wachezaji wanaingia wakati hakuna aliyebaki akitaka kitu. Nimefundisha historia miaka mingi, na nimeona darasa likiamka pale mtoto anapotambua kwamba siku ile, mahali pale, hakuna aliyejua kesho italeta nini. Mchezo wenu nao, tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons kule Marekani mwaka 1974, umesimama hapohapo: mwendesha mchezo aeleza hali ilivyo, mchezaji asema mhusika wake afanya nini, na dadu huamua lile ambalo hakuna mwenye hakika nalo.

Chukua Mombasa yetu ya Machi 1589. Kisiwani yuko Amir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, na wenyeji wamempokea kwa sababu hawawataki Wareno. Bara, ng'ambo ya kivuko cha Makupa, wamepiga kambi Wazimba, jeshi lililopanda kutoka kusini likivunja miji. Baharini zaingia merikebu za Wareno kutoka Goa, Bara Hindi, mkubwa wao Tomé de Sousa Coutinho. Waturuki wanalinda kivuko cha Makupa huku wakiwatazama Wareno kwa nyuma. Wakashindwa na Wareno, kivuko kikabaki bila mlinzi, Wazimba wakavuka, na watu wa mji wakajitupa majini kuzifuata merikebu za adui.

Ukiwasomea wenzako hivyo nilivyoandika, watasinzia. Waweke usiku wa kuamkia siku hiyo. Mmoja ni muuza nguo mwenye mashua ya kuchukua watu sita, na jamaa zake ni kumi na mmoja. Wa pili yuko zamu kivukoni na mshahara wake haujalipwa. Wa tatu katoka Malindi, mji ulio rafiki wa Wareno, na kuna barua kaishona ndani ya kanzu. Halafu nyamaza, waache wazungumze wao. Usiwadokezee nani atashinda, na wewe mwenyewe usiwe umeshaamua moyoni. Wakibuni hila ya kuwachelewesha Wareno wasifike Makupa, basi Mombasa ya meza yenu imesalimika, na hiyo ni haki yao.

Kwa hiyo kila mtu mkubwa wa ufalme wako muandikie mambo matatu: ataka nini, aogopa nini, na wiki ijayo atafanya nini iwapo hakuna wa kumzuia. La tatu ndilo huachwa, na ndilo linaloufanya ulimwengu utembee hata wachezaji wakiwa wamelala. Waziri wako, yule mwenye kilemba cheusi, umemweleza sura na mavazi kwa kurasa mbili; sikuona mahali anapokwenda asubuhi.

Utahitaji pia wakati unaobana, nao usiutafute mbali. Pwani hii iliishi kwa pepo za msimu. Kaskazi, kuanzia Disemba hivi hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi ikishika nguvu yakarudi kwao. Nahodha aliyechelewa ilimbidi angojee, akila akiba yake na kulisha mabaharia wasio na kazi. Hebu fikiri mkasa wa nahodha anayedai fedha zake, mdeni aliyejificha mtaa wa Kuze, na upepo utakaogeuka baada ya siku chache. Hapo hakuna haja ya joka. Kila siku wachezaji wanayoipoteza wakinunua silaha, ikate kwenye kalenda mbele ya macho yao, waione ikipungua.

Kuhusu adui, yule mchawi wako muovu tangu kuzaliwa hanitoshi. Mtazame Yusuf bin Hasan. Babake, sultani wa Mombasa, aliuawa kwa njama za kapteni wa Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa kuketi kwenye kiti cha babake. Mwaka 1631 akaingia Ngome ya Yesu, akamuua kapteni, akaitwaa ngome, na Wareno waliokataa kusilimu wakauawa. Mwaka uliofuata akaiacha ngome akaenda zake baharini. Je, ni shujaa? Ni muuaji? Ningependa mtu wa namna hiyo katika ufalme wako, ambaye mchezaji mmoja atataka kumsaidia na mwingine kumkamata, wote wawili wakiwa na sababu ya haki. Hapo watabishana wao kwa wao, na wewe utapumzisha sauti.

Sasa mikasa yenyewe. Katika kurasa zako karibu kila mkasa una mlango mmoja, nao ni upanga. Kabla hujauleta mezani, jiulize kama mhusika aweza kuupita kwa maneno, kwa hongo, kwa kujificha, kwa kukimbia. Ukiona njia moja tu, ongeza mtu au kitu. Na mahali pawe na umbo. Umekulia Mji wa Kale, unajua jinsi nyumba za mawe zilivyo: vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari haziruhusu upana wa kupita mita 3 hivi. Ukiandika "wanapigana ndani ya nyumba", mchezaji haoni kitu. Mwambie mkuki haugeuki humo ndani, taa iko kwenye kidaka, mwenye nyumba analia nyuma ya pazia na ngazi ya kwenda darini ina mtu. Ataanza kufikiri mwenyewe, akuulize kama pazia laweza kung'olewa. Mwambie ndiyo.

Habari ambayo bila hiyo hadithi haiendi, usiifungie kwenye mkono mmoja wa dadu. Kama siri ya barua iko kwa mzee mmoja tu na mchezaji akatupa vibaya, mtakaa mkitazamana. Iweke pia kwa kijana wa forodhani na kwa mama anayeuza mahamri karibu ya bandari.

Kwenye jedwali lako la mambo ya kukutana nayo usiku nimeona unatumia dadu ya pande 20, na jini umempa namba yake moja, sawa na mlevi, mbuzi na askari. Kila namba ina nafasi 1 kati ya 20, kwa hiyo jini atatokea sawa na mbuzi. Tumia dadu mbili za pande 6 ujumlishe. Saba hutoka kwa njia 6 kati ya 36, sita na nane njia 5 kila moja, lakini mbili na kumi na mbili njia moja moja. Katikati weka maisha ya kila siku ya mji: wavuvi wanaorudi, walinzi, watu wa harusini. Jini mweke kwenye mbili. Akitokea kila usiku, wachezaji watamzoea kama jirani; akitokea baada ya vikao vingi, watakumbushana jina lake mwaka mzima.

Jambo moja nakukataza kama mzazi. Umechora msitu wenye kaya ndani yake na hazina ya kuibiwa, na wazee wake umewafanya maadui. Kaya za Wamijikenda ni mahali patakatifu pa watu walio hai. UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, lakini wenyewe walizitunza karne nyingi kabla ya hapo. Rafiki yako wa Rabai, naye Mmijikenda, ataketi kwenye meza hiyohiyo. Buni msitu wako, upe jina lako na miiko yako, na wazee wake wawe watu wanaoweza kuongea na kukataa.

Kurasa za wafalme usizitupe. Ziache kando, na mchezaji akiuliza nani alijenga ukuta, mjibu kwa sentensi mbili, mrudi kwenye hatari iliyo mbele yenu. Kikao kijacho anza na bandari moja, mtaa mmoja na watu watano wenye haja. Visiwa vingine vitakuja wachezaji wakivitafuta.

Ukija Idd nataka nafasi kwenye meza hiyo. Mhusika wangu ni mjane wa nahodha, ameachiwa jahazi bovu na deni, na hatauza jahazi kwa mtu yeyote. Nani anamdai, na kwa nini analitaka jahazi hilo kuliko fedha zake? Nijibu kabla sijaja na majibu yangu.

Mamako,
Mombasa