Mtoto amekutwa na sikoseli: jibu kwa dada wa Sengerema

Dada, pole, na hongera kwa kupata jibu mtoto akiwa bado na miezi kumi. Wengi wetu tulilipata baada ya kuzungushwa miaka.

Kwa wanaoingia sasa hivi kwenye uzi: mtoto wa dada alivimba viganja na nyayo, wakadhani ameumwa na mdudu, mwishowe akapimwa na majibu yakatoka SS, yaani ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mume anasema kwao hakuna ugonjwa huo, hapimi. Mama mkwe anataka mtoto apelekwe kijijini akatibiwe tumbo. Na dada ana mimba ya miezi minne. Anauliza aanzie wapi.

Mimi ni baba wa binti wa sikoseli. Tupo Mwanza, binti yuko sekondari na ana mdomo kuliko mama yake. Naongea kama mzazi, dozi atakupa daktari. Na neno langu kubwa ni hili: hayo majibu usiyabebe peke yako kwenye pochi. Kila anayemshika huyo mtoto ana kitu cha kujifunza na kazi ya kufanya, na mama mkwe ni wa kwanza.

Nianze na mume. Mtoto wa SS amechukua S moja kwa mama na nyingine kwa baba. Mwenye S moja tu, na nyingine ya kawaida inayoitwa A, yaani AS, haumwi. Anacheza mpira, anabeba magunia, anazeeka bila kujua. Kwa hiyo "kwetu hakuna" maana yake ni kwamba kwao hajawahi kuzaliwa aliyekutana na S mbili, au alizaliwa akafa mdogo wakasema ni malaria. Kanda yetu hii ya Ziwa wataalamu waliwahi kuchukua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yale ya vichanga waliokuwa wanapimwa VVU, wakayapima upya kwa ajili ya sikoseli. Karibu mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na AS, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Panda daladala yoyote iliyojaa hapa mjini, waliobeba S ndani yake hawapungui watatu wanne.

Kumpata mume akapime, usimwendee kwa hoja ya nani kaleta. Sisi tuliitwa wote wawili na nesi wa kliniki, akasema anahitaji kujaza faili la mtoto. Basi. Hakuna aliyetafuta mkosaji, tukatolewa damu, tukakuta wote AS. Mdogo wangu aliyekuwa anakaribia kuoa akaenda kupima mwenyewe bila kusukumwa. Muombe nesi wako afanye hivyo hivyo. Wanaume tunakuwa wapole sana tukiitwa na mtu aliyevaa sare.

Ila angalieni aina ya kipimo. Kile cha siklingi cha maabara za mtaani kinaonyesha tu kama kuna S, hakitenganishi AS na SS. Ulizeni elektroforesisi, au vile vipimo vya kadi vinavyotenganisha A na S kwa tone moja. Na aliyeongezewa damu karibuni asubiri kama miezi mitatu, vinginevyo mnapima damu ya mtu mwingine. Naona kuna watu hapo juu wameshaanza: "mume akikutwa AA, mtoto si wake". Taratibu jamani. Maabara hukosea, na kuna hitilafu nyingine za damu ambazo zikikutana na S moja zinamfanya mtoto aumwe kama SS. Hayo ni ya mtaalamu mwenye majibu ya wote watatu mezani. Jukwaani tutavunja ndoa ya watu bure.

Sasa mama mkwe. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo maisha ya mtoto yalipo kwa miaka hii ya mwanzo.

Mama mkwe wako ameona kitu cha kweli. Hilo tumbo analolisema ni bandama, wengine wanaita wengu. Kwa watoto wetu hawa bandama inaweza kunasa damu ghafla, ikavimba ndani ya saa chache, mtoto akabaki mweupe viganja na midomo, amelegea, anahema haraka. Hiyo haisubiri asubuhi. Jamaica, kwenye kliniki ya sikoseli ya daktari Graham Serjeant na wenzake, waliwafundisha wazazi kupapasa bandama nyumbani, na vifo vya namna hii vikashuka sana. Hawakununua mashine yoyote, walifundisha vidole vya akina mama.

Nesi atakuonyesha: mtoto amelala chali, ametulia, unapapasa upande wa kushoto chini ya mbavu, unashuka taratibu ukielekea kitovuni. Mfanyie hivyo kila siku akiwa mzima ili mkono uzoee pale panapokuwa pakawaida. Wengine wanachora alama kwa kalamu ya wino pale bandama inapoishia, wapate kulinganisha. Mama yangu mzazi, mtu wa Magu, aliwahi kutuma ujumbe jioni kwamba "tumbo la mjukuu leo si la asubuhi". Sisi wazazi tulikuwa kazini. Tulimkuta ameshamvika mtoto sweta na ameita bodaboda. Usiku ule mtoto aliongezewa damu. Bibi huyo hajui kusoma kipimo chochote, lakini alikuwa amefundishwa kliniki pamoja nasi, kwenye kiti cha mbele.

Kwa hiyo usiende kugombana naye. Mchukue tarehe ya kliniki uende naye, daktari amwambie yeye mwenyewe, kwa heshima yake. Kitu kimoja tu simameni imara: asichanjwe chale za wembe. Nyembe za juu ya bandama zinaingiza wadudu kwa mtoto ambaye bandama yake, hata ikiwa kubwa, haifanyi tena kazi ya kuchuja wadudu hao. Na kumkanda tumbo kwa nguvu, hapana.

Hapo ndipo inapoingia penisilini ya kunywa, asubuhi na jioni, mpaka afike miaka mitano angalau. Watu wanaiacha kwa sababu mtoto haonekani kuumwa. Mwaka 1986 Wamarekani walitoa matokeo ya kuwapa watoto wadogo dawa hiyo wakilinganisha na wasiopewa: maambukizi makali ya nyumokokasi, bakteria wa nimonia, kwenye damu yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80, na walisitisha utafiti mapema kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Sisi tuliweka chupa pembeni ya miswaki. Atakayeamka wa kwanza anampa, anaweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Bila alama, kila mtu anadhani mwenzake ametoa. Angalia pia kadi ya kliniki kama alimaliza chanjo ya nyumokokasi, ile ya wiki ya 6, 10 na 14. Iko kwenye chanjo za kawaida nchini tangu 2013.

Homa. Nunua kipimajoto leo. Ikifika 38, safari. Unaweza kumpa Panadol njiani, usimpe halafu ukae usubiri ishuke. Kuna kituo tulichowahi kufika usiku wakasema ni malaria, wakatupa dawa ya mseto na kuturudisha bila hata kugusa tumbo. Tangu siku hiyo hatutoki nyumbani bila kijidaftari chenye maandishi makubwa ukurasa wa kwanza: jina, SS, kundi la damu, kiwango chake cha damu cha kawaida, dawa anazotumia. Hicho kiwango cha kawaida ni muhimu kuliko unavyodhani. Binti yangu akiwa mzima kabisa ana 7 na kitu. Daktari mgeni akiona 7 anashtuka anataka kuongeza damu, kumbe hiyo ndiyo afya yake. Akiona 4 huku kawaida yake imeandikwa, anajua walau imeshuka kiasi gani.

Malaria yenyewe haina utani. Watu wamesikia kwamba S inakinga malaria. Inamkinga mwenye AS. Mtoto wa SS ikimpata inamsaga. Chandarua kila usiku, hata kwa shangazi.

Watakuja pia majirani na juisi ya rozela, na dawa za kuongeza madini ya chuma. Rozela anywe tu akiipenda. Madini ya chuma msimpe bila daktari kupima, kwa sababu damu yake haipungui kwa kukosa chuma, inapungua kwa kuwa chembe zake zinavunjika mapema. Foliki, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, ndiyo atakayoandikiwa.

Kuhusu damu ya kuongezewa: usingoje siku hiyo. Hospitali nyingi zitawaomba ndugu wachangie, na saa nane usiku simu za ndugu hazipokelewi. Sisi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo tulikubaliana, wenye afya wanachangia damu salama kwa zamu, na kadi zao zinajulikana ziko kwa nani. Shemeji yangu mmoja asiye na hela ya mchango wowote ndiye aliyetubeba kuliko wote kwa njia hiyo. Mwenye AS naye aseme hali yake pale anapochangia, wao wataamua.

Hela nitaigusa tu. Chini ya miaka mitano sera inasema matibabu ya serikali ni bure, ila dirisha la dawa likiwa tupu utanunua. Tengeni fungu la penisilini na nauli kwanza. Mkikwama mmelazwa, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali kabla bili haijakua. Bima mkiweza kuipata, ipateni. Masharti yake yamekuwa yakibadilika kila mara, kwa hiyo ulizeni dirishani, msiamini uzi wa mwaka juzi, hata wangu.

Mambo ya shule bado kwako, ila jueni mapema: maji muda wote, ruhusa ya chooni, sweta wakati wa upepo wa ziwa, asikimbizwe mchakamchaka asubuhi ya baridi. Na atakojoa kitandani kuliko wenzake, kwa sababu figo zao zinashindwa kupunguza maji kwenye mkojo, ukawa mwingi. Asipigwe kwa hilo. Nimeona mtoto akichapwa kwa kitu ambacho figo zake hazikiwezi.

Ukienda kliniki uliza mapema juu ya haidroksiurea, dawa ya kila siku inayopunguza makali ya sikoseli. Wazazi wengi bado wanaiogopa kwa kuwa ni dawa iliyotoka kwenye saratani. Waliijaribu kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, matokeo yakatoka 2019: maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, kuongezewa damu kukapungua, hata malaria ikapungua. Ina masharti, anapimwa damu mara kwa mara, kile kipimo cha FBP kinachohesabu chembe za damu, kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe. Binti yangu kabla ya dawa hiyo alikuwa analazwa kila msimu wa baridi. Sasa nesi wa wodi akimwona anamuuliza amekuja kumtembelea nani. Na akifika miaka miwili aanze kupimwa mwendo wa damu kichwani kila mwaka, kile kipimo cha jeli kama cha mimba, ila kinapita pembeni ya kichwa. Hakiumi. Kinaonyesha mtoto aliye hatarini kupata kiharusi kabla hakijampata, na hapo dawa au damu vinaanza mapema. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wanakifanya.

Jambo moja kwa ajili ya mimba yako. Akianzishiwa haidroksiurea, usifungue hizo kapsuli wala kuchanganya unga wake kwa mikono yako. Ni dawa kali kwa kiumbe kilichoko tumboni. Mpe mume hiyo kazi, na glavu, kila siku muda ule ule. Nakuambia ukweli, mwanaume aliyekataa kupima akishaanza kumpa mtoto dawa kwa mkono wake, mazungumzo mengine yote yanakuwa mepesi.

Na huyo aliyeko tumboni: kama nyote ni AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya SS. Aliyetangulia kuwa SS hapunguzi wala haongezi zamu ya huyu. Atazaliwa anaonekana mzima, hata kama anao, kwa sababu damu ya kichanga inamlinda miezi ya mwanzo. Kwa hiyo msisubiri vidole vivimbe. Mimba ikifika mwezi wa saba mwambie mkunga wako, iandikwe kwenye kadi yako ya wajawazito kwamba mkubwa wake ni SS, na uulize ni wapi watamtoa tone la kisigino akizaliwa. Wakikwambia siklingi, kataa, kwa kichanga haisemi kitu. Majibu yakiwa SS, penisilini inaanza akiwa na miezi miwili mitatu, na bibi yake atakuwa ameshajua pa kupapasa.