Mbona Facebook inaniletea watu nisiowatafuta?

Ndugu, fundi uliyempigia mara moja tu kutokea kwenye "watu unaoweza kuwafahamu" si uchawi. Mara nyingi chanzo ni orodha ya namba: mmoja wenu aliruhusu programu ya Facebook isome majina yaliyo kwenye simu. Ingia mipangilio ya simu, fungua programu hiyo, nenda kwenye ruhusa, zima ile ya majina. Wengi huishia hapo, kumbe umezuia namba mpya tu. Zilizokwisha kupakiwa zinabaki mpaka uzifute ndani ya akaunti yenyewe. Kisha, upande wa faragha, palipoandikwa nani anaweza kukutafuta kwa namba yako, chagua "mimi tu". Simu ya fundi, bahati mbaya, huna mamlaka nayo.